Usukani Uliogoma

Mtu akitaja Kolwezi, wengi hufikiri shaba na kobalti, magari makubwa ya mgodi na vumbi jekundu. Ni wachache wanaokumbuka maji. Kumbe maji yako karibu kabisa. Mto Lualaba, ule ule ambao kutoka Kisangani waitwa Kongo, wapita upande wetu, nao ulizibwa zamani za Wabelgiji ili utoe umeme wa kazi za shaba. Kwanza palikuwa Nzilo, ambako mtambo ulianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Delcommune. Kisha Nseke, mwaka 1956, uliokuwa ukiitwa Le Marinel. Nyuma ya ukuta wa Nzilo likatokea ziwa. Shaba ikapata umeme wake, nasi tukapata samaki.

Ziwani wengi wanatumia mitumbwi ya kasia. Hapa na pale utaona mashua yenye injini ya kutundikwa nyuma, ya namna ile ambayo Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuiuza mwaka 1909. Watu huisifu injini kwa mlio wake na nguvu zake. Usukani hakuna ausifuye, wala autazamaye, mpaka siku unapogoma.

Injini ikikataa kuwaka, mashua yabaki ufukoni, na hasara ni ya siku moja. Lakini usukani ukigoma katikati ya ziwa, injini yaendelea kusukuma nawe huna uwezo wa kuchagua njia. Mashua ndogo iliyokazwa upande mmoja huzunguka na kulala. Abiria wakiogopa hukimbilia wote upande mmoja. Na wengi wao hawajui kuogelea. Kwa hiyo mimi, niliyezeeka nikitengeneza injini, naogopa usukani mgumu kuliko injini mbovu.

Mwisho wa kiangazi kimoja alinijia mzee mmoja mnunuzi wa samaki. Alikuwa amenunua mashua ya bati yenye gurudumu la usukani mbele na injini ya nguvu-farasi 25 nyuma. Aliyemwuzia alimwambia kwamba ni nzima, ila imepumzika kidogo. Kupumzika huko kulikuwa tangu mvua za mwaka uliotangulia, bila kifuniko, juu ya mchanga.

“Fundi,” akaniambia, “gurudumu ni gumu, lakini nikilikaza kwa mikono miwili linasogea kidole kimoja. Kesho nina watu wa kuvusha na mizigo yao. Nitakwenda hivi hivi, utanitengenezea Jumatatu.”

“Papa,” nikamjibu, “samahani sana, usiende.”

Alikasirika. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na karo ya watoto wake wawili ilikuwa katika safari ile. Akaniuliza kama mimi ndiye nitakayelipa. Sikuwa na jibu. Nilimwomba tu anipe saa moja anione nikiufungua usukani, kisha aamue mwenyewe. Akaketi juu ya debe, amenipa mgongo nusu.

Jambo la kwanza ni kujua ugumu uko wapi, maana usukani wa namna hii una sehemu mbili za kugoma. Kutoka gurudumu huja kamba ya chuma ndani ya ala yake, na mwisho wa kamba hiyo ni fimbo ngumu ipitayo ndani ya bomba, lile ambalo injini huinamia inapoinuliwa. Fimbo husukuma kiungo kidogo, na kiungo hugeuza injini. Basi, fungua kiungo hicho, uishike injini kwa mkono na kuigeuza. Ikiwa nyepesi, ugonjwa uko katika kamba au katika fimbo. Ikiwa nzito, ugonjwa uko katika mhimili wa injini yenyewe. Injini ya mzee ilizunguka kwa mkono mmoja. Gurudumu, ingawa kiungo kilikuwa kimefunguliwa, halikutaka. Fimbo ilikuwa imeshikana na bomba.

Nilimwonyesha mzee fimbo. Pale inapotoka bombani palikuwa na unga mweupe, na nyuma yake grisi nyeusi iliyokauka ngumu kama ngozi ya kiatu. Unga ule ni kutu ya aluminiamu. Chuma na aluminiamu vikigusana katika unyevu, aluminiamu huliwa, na unga wake hujaza nafasi ndogo iliyopo hata fimbo ikabanwa. Maji ya ziwa letu ni matamu, kwa hiyo jambo hilo huenda polepole kuliko baharini. Lakini vumbi letu hulipiza. Likiingia katika grisi laisaga fimbo kama msasa.

Mzee akanyamaza, kisha akasema, “Basi fanya.” Akatuma mtoto kuwaambia abiria wake.

Kazi ilichukua siku tatu. Kosa la watu wengi ni kukaza gurudumu kwa nguvu, na hapo kamba hukatika ndani ya ala. Au kupiga ncha ya fimbo kwa nyundo ya chuma, nayo ncha hupanuka isiweze tena kupita bombani. Nilitia mafuta mepesi ya kulegeza kutu pande zote mbili za bomba, nikaacha yanywe usiku kucha. Kesho yake nilimwagia bomba maji yaliyochemka, mara nyingi, ili chuma kitanuke na kutikisika. Moto sikuutumia: penye petroli, hata tangi likiwa limeondolewa, harufu yake hubaki. Kisha kipande cha mti mgumu juu ya ncha ya fimbo, na nyundo juu ya mti, pigo dogo dogo, huku kijana wangu akilishika gurudumu bila kulilazimisha. Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, fimbo ikaingia upana wa kidole gumba. Mzee alisimama kwenye debe lake.

Ilipotoka yote nililisafisha bomba kwa brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, hata kitambaa kikatoka kikiwa safi. Lakini kamba yenyewe ilibaki nzito ndani ya ala. Kamba ya namna hiyo haina dawa. Tuliandika namba na urefu uliopigwa chapa juu ya ala, ndugu yake mmoja akaileta mpya kutoka Lubumbashi. Mzee alilalamika juu ya bei, na alikuwa na haki.

Kuitunza ni kazi ya robo saa kila mwezi. Pangusa fimbo kwanza, ndipo upake grisi ngeni, ile isiyoyeyuka katika maji. Nimeona watu wakipaka mawese, nayo hugeuka gundi. Wengine hupaka mafuta machafu yaliyotolewa katika gari, yenye chembe za chuma. Bomba likiwa na chuchu ya kutilia grisi, rudisha fimbo ndani kabisa kabla ya kusukuma; ukitia ikiwa nje, grisi itajaa mbele yake kama kizibo, na usukani utagoma upya. Mhimili wa injini nao una chuchu zake: sukuma mpaka grisi nzee itoke ubavuni. Mashua ikikaa bila kazi, geuza gurudumu hata mwisho, kushoto na kulia, mara moja kwa juma. Geuza vile vile kabla ya kuondoka ufukoni, abiria wakiwa bado nchi kavu. Na kasia libaki ndani ya mashua siku zote, hata wakucheke.

Mzee alivusha watu wake wiki mbili baadaye, na karo ililipwa kwa kuchelewa. Kamba ya zamani aliichukua nyumbani, akakata kipande cha kufungia mlango wa banda la mbuzi.