Meli ya Kwenda Kagunga

Kagunga haifikiki kwa gari. Kijiji kimekaa kwenye ukanda mwembamba wa ufuko, Ziwa Tanganyika mbele, mlima mkali mgongoni, na mpaka wa Burundi uko jirani kabisa upande wa kaskazini. Mwaka 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi kuteuliwa kuwania muhula wa tatu na Bujumbura kuchafuka, Warundi walimiminika hapo kwa miguu na kwa mitumbwi. Kijiji chenye wakazi 11,000 hivi kikajikuta, katikati ya Mei, kina wageni zaidi ya 50,000 waliolala juu ya mchanga, wengi wao watoto. Ziwa ndilo walilokunywa, ndilo walilooga, na kwa kuwa vyoo havikuwepo, ndilo lililopokea mengine yote. Kipindupindu hakikuchelewa.

Mimi ni muuguzi, na nilikuwa sijawahi kufika Kigoma. Niliombwa kwenda kuongeza nguvu, na kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi wa kuandika, jioni nilikabidhiwa kazi ya pili, kumbukumbu za vikao. Nashukuru kwamba nilipewa daftari lile. Bila hilo ningeona wagonjwa tu, nisione kinachowafikishia maji.

Niliposhuka basi nilipelekwa moja kwa moja Uwanja wa Lake Tanganyika, ambako familia zilizovushwa kutoka Kagunga zilipumzishwa kabla ya kupanda mabasi ya kambi ya Nyarugusu, mwendo wa kilomita 150 hivi. Kisha kikaoni. Chumba kilijaa: maofisa wa mkoa, Idara ya Wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, UNHCR, Shirika la Mpango wa Chakula, UNICEF, shirika la uhamiaji IOM, Madaktari Wasio na Mipaka, IRC, Msalaba Mwekundu wa Tanzania, na wengine ambao majina ya mashirika yao nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Nilitafuta kwa macho nani mkubwa wao. Hakuwepo, kwa maana niliyoizoea hospitalini. Serikali ndiyo mwenye nyumba, na UNHCR ndiyo inayoongoza shughuli kwa sababu hawa ni wakimbizi. Lingekuwa ni tetemeko au mafuriko, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uratibu, OCHA, ndiyo ingeyakusanya mashirika kwa makundi ya kazi yaliyowekwa tangu 2005: UNICEF mbele kwenye maji, WHO kwenye afya, Mpango wa Chakula kwenye usafirishaji. Lakini hata huyo anayeongoza hawezi kuliamuru shirika jingine lihamishe gari lake. Kila moja lina wafadhili wake, bajeti yake na bodi yake. Kinachobaki ni kukubaliana.

Na makubaliano yale yalikuwa yamebandikwa ukutani. Jedwali la karatasi, lenye safu tatu: nani, anafanya nini, wapi. Kila jioni tulilipitia mstari kwa mstari. Jioni moja mashirika mawili yalitaja ndoo, uwanja uleule, familia zilezile, huku kwenye mstari wa sabuni za Kagunga pakiwa patupu. Hakuna aliyegombezwa. Aliyekuwa na ndoo za ziada aliulizwa kama anaweza kuzipeleka ziwani, mwingine akasema sabuni anazo kwenye ghala la Kasulu. Dakika tano, basi. Nilikuwa nimetoka wodini siku hiyo, na dakika tano zile niliziona zina uzito wa dripu nyingi.

Siku iliyofuata nilipanda MV Liemba. Wazee wa Kigoma wanaijua historia yake kuliko mimi: Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 isitekwe, kisha Waingereza wakaiibua. Sasa meli hiyo ya zaidi ya miaka mia ilikuwa inabeba wakimbizi 600 kwa safari. Hapo ndipo nilipoelewa vikao vyetu vilikuwa vinagombania nini hasa. Meli ikienda kaskazini ina nafasi ya mizigo. Ikirudi kusini ina nafasi ya watu. Kila tangi la maji lililopakiwa lilichukua mahali pa biskuti za lishe, na kila katoni ya biskuti ilichukua mahali pa klorini. Anayeamua kipi kitangulie lazima ajue kilichopo tayari kule, na hawezi kujua kama waliotangulia hawasemi kweli kuhusu walichonacho. Kwa hiyo namba za bohari zilisomwa kikaoni kwa sauti, za kila shirika, hata zilizotia aibu.

Tulipita Gombe, misitu ikishuka hadi majini, kisha vijiji vya wavuvi. Kagunga hakuna gati ya meli kubwa. Liemba ilitia nanga mbali kidogo na mitumbwi ya wavuvi ikaja kutupokea. Mitumbwi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inawaleta wakimbizi melini, wazee na wajawazito wakitangulizwa, watoto wakipokewa mkono kwa mkono. Nilimsalimu mzee mwenye mtumbwi, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Umekuja na dawa?" Nikamwambia ndiyo. Akanijibu kwamba mkewe alikuwa amepika uji wa muhogo kwa watu wa kwanza waliofika, mpaka unga wa nyumba ukaisha.

Maneno yake niliyaandika kwenye daftari chini ya "nani, nini, wapi", kwa sababu jedwali lilikuwa halina mstari wake. Kabla ya nembo yoyote kufika, Waha wa Kagunga walikuwa wamekwisha kutoa chakula, kuni na vibaraza. Lugha yao na Kirundi zinasikilizana, kwa hiyo hata kwenye hema la matibabu vijana wa kijiji ndio waliokuwa wakinieleza mgonjwa ameanza kuharisha lini. Nilichoka kwa namna ambayo sijui kuieleza. Maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Dripu kwa waliokwisha kulegea. Kufikia tarehe 22 Mei UNHCR ilitangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wawili kati yao Watanzania, na wagonjwa wapya 300 hadi 400 kila siku.

Usiku fundi wa maji, mtu wa makamo aliyekuwa Goma, Kongo, akiwa kijana, alinieleza kwa nini anapima kila kitu. Julai 1994 Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka kuingia Goma kwa siku chache, na ndani ya mwezi mmoja watu wapatao 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mashirika yalikuwepo, mengi tu, na mengine hayakuwa na ujuzi wa kazi yaliyoijia. Kutokana na aibu hiyo ndipo mwaka 1997 mashirika yakaanza kuandika viwango vya pamoja viitwavyo Sphere: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, watu wasiozidi 250 kwa bomba moja, na 20 kwa choo kimoja. Wanaovitumia leo Asia na Amerika ni wengi. Deni la kuvipata lililipwa hapa kwetu, Maziwa Makuu. "Dada," aliniambia, "mimi nikisikia mtu anasema vikao vinapoteza muda, namuuliza kama aliiona Goma." Ninakubaliana naye kabisa, ingawa vikao virefu vipo na nimevikalia.

Katika wiki zilizofuata ufuko ulipungua watu, mabasi yakaendelea kwenda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikafurika kiasi kwamba Oktoba ilibidi kambi ya Nduta ifunguliwe upya. Jedwali letu likahamia huko: mahema, madarasa, chanjo ya kipindupindu.

Katika kikao changu cha mwisho mtu alipendekeza mstari wa Kagunga ufutwe, maana wakimbizi wamekwisha. Kiongozi mmoja wa kijiji alikuwa amekuja kwa boti na ameketi nyuma. Akasimama, akawashukuru wote kwa heshima, akasema kuni za mlimani zimekwisha, vyoo vya dharura vimejaa, na wake zao bado wanachota ziwani palepale. Akaomba mstari usifutwe. Mwenyekiti wa kikao akakubali, akaandika "wakazi" palipokuwa "wakimbizi". Upande wa maji shirika moja likajitolea papo hapo. Upande wa vyoo, mpaka naondoka Kigoma, palikuwa bado patupu, na nilikwisha kuomba kwa maandishi paandikwe jina la mtu, si la shirika tu, ili kijiji kijue kinamdai nani.