Dakani Shela

Lami inakomea Mokowe. Mbele ni maji. Nilishuka basi la Mombasa, nikavuka kwa boti hadi gati ya Lamu, kisha nikashika njia ya pwani kwa miguu kuelekea Shela, mwendo wa kama kilomita tatu. Punda walinipita na mifuko ya saruji ubavuni.

Sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa tumezoea kuta zilizobabuka, kwa hiyo Shela ilinitia wivu: chokaa nyeupe, boriti mpya za mikoko, milango ya nakshi inayong'aa mafuta. Hapa ndipo watu wa Takwa walipohamia karne ya 17, walipouacha mji wao kisiwani Manda. Msikiti wa Ijumaa ni wa 1829. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa 1967, na taratibu Wazungu waliokuja kulala siku mbili tatu wakaanza kuulizia nyumba.

Ndani ya nyumba moja nilimkuta mwashi akichonga zidaka, vishubaka vya ukutani, kwenye lipu kwa ncha ya kisu, anapuliza vumbi, anarudi nyuma kupima kwa jicho.

"Hii ilikuwa ya nani, fundi?"

"Ya ndugu sita. Mzee alipofariki, nani angeigawa? Nyumba ya mawe si shamba, ndugu yangu."

Mirathi, basi. Dari ya boriti na mawe ni nzito, ikianza kulegea yataka fedha, na kila mrithi humngoja mwenziwe atangulie kutoa. Mnunuzi mwenye fedha taslimu anapobisha hodi, ndugu wamekwisha kuchoka. Hawa sita wakauza, wakagawana fedha; wengine wakapanga Langoni, mtaa wa mjini Lamu, wengine wakaja kwetu Mombasa. Sikuona wa kumlaumu. Bila mgeni yule, huenda ningekuta kifusi, na fundi huyu asingekuwa na kazi wala wa kumrithisha ufundi wake.

Lakini daka zilinisumbua. Baraza hizo za mlangoni zilijengwa ili mwenye nyumba akae, apokee salamu, amjue anayepita. Katika kichochoro kile nilitoa salamu milango mitano. Aliyeitikia ni askari mmoja, simu mkononi, akilinda nyumba ya tajiri ajaye Desemba. Kununua ukuta ni rahisi kuliko kununua majirani, na wanaosifu ukarabati wa Shela wangeanza kwa kuhesabu taa zinazowaka usiku.

Nyuma ya kijiji kuna matuta ya mchanga, na chini yake maji matamu ambayo mji wa Lamu huyategemea. Huko nako, dalali aliyenifuata alisema, kiwanja chapatikana.

"Waangalia ploti, bosi?"

Akataja bei kwa yuro. Nilipomwomba aiseme kwa shilingi, alitoa simu akaanza kupiga hesabu.