Riza, Pingo na Kitasa: Mlango wa Shangazi Lamu

Safari hii hatukwenda Lamu kwa Maulidi wala kwa harusi. Tulikwenda kwa ajili ya kitasa.

Wiki mbili kabla, shangazi yetu aishiye peke yake katika mtaa wa Mkomani alifungika ndani ya nyumba yake tangu baada ya Adhuhuri hadi karibu na Magharibi. Ufunguo uliingia, ukazunguka, lakini ulimi wa kitasa haukusogea. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, na sauti ya mtu mzima haivuki. Kijana mmoja aliyepita kichochoroni na punda wake ndiye aliyesikia mlango ukigongwa kutoka ndani, akastaajabu, akaenda kuita watu. Kitasa hicho tulimtilia sisi wenyewe miaka mitatu nyuma, tukijiona tumempa usalama.

Basi tuliondoka Mombasa alfajiri, tukapita Garsen na Witu, na kutoka Mokowe tukavuka kwa boti. Tulipofika dakani tukapiga hodi. Mlango ulikuwa umeshindikwa tu, yaani umesukumwa bila kufungwa, na kitasa chenyewe kimekwisha ng'olewa, kikaacha tundu katika ubao wa kale. Tuliliona tundu lile kabla ya kuuona uso wa shangazi, na tukaona haya.

Mlango ule, kama ilivyo mingi ya nyumba za mawe, una mbao mbili zifungukazo kwa ndani. Hauna bawaba: kila ubao huzunguka juu ya ncha zake zilizoingia katika matundu ya fremu, juu na chini. Katikati kuna mfaa, mhimili wa nakshi uliopigiliwa kwenye ubao mmoja na kuufunika ukingo wa mwenziwe. Tulikuwa tukiudhania kuwa ni pambo. Kumbe una kazi: ubao wenye mfaa hauwezi kufunguka kabla ya ule mwingine, kwa hiyo ukimzuia huyo mmoja, wote wawili wamezuilika.

Shangazi alitukalisha msanani, akatupa kahawa, kisha akaanza kutufundisha mlango wake kana kwamba tu watoto wa chuoni.

"Mnasema kufunga, kufunga," alisema. "Kufunga kupi, wanangu?"

Mchana, mwenye nyumba akiwapo, mlango hushindikwa, na jirani ajuaye adabu hupiga hodi akangoja. Akitaka sitara zaidi, hukomea: husukuma komeo, kipande cha mti au chuma kipitacho kutoka ubao hadi fremu. Usiku hutiwa pingo, gogo linalolazwa nyuma ya mbao zote mbili, ambalo halina ufunguo wala halipoteziki. Na watu wakisafiri, hapo ndipo hufungwa kwa nje: riza, mnyororo wa mlango, hutiwa kwenye tumbuu, kile kipete cha chuma kilichopigiliwa katika fremu, kisha likatiwa kufuli.

Tulipomsikiliza tukaelewa kosa letu. Vifungo vya ndani vya mlango ule vyote hufunguliwa kwa mkono. Ufunguo ulikuwa wa aondokaye tu. Sisi tulikuja na chombo kimoja cha kufanya kazi zote, tukaling'oa pingo kwa kuwa lilikuwa zito kwa mikono yake, na tukamfanya mtu aliye ndani ya nyumba yake ahitaji ufunguo ili atoke.

Fundi tuliyemwita alikifungua kile kitasa juu ya baraza. Ndani mlikuwa na springi iliyoliwa na kutu hadi ikakatika. Hewa ya chumvi haina huruma kwa chuma cha bei nafuu. Akatuonyesha ndimi mbili: mmoja wenye mteremko, usukumwao na springi, ujifungao wenyewe upepo ukiusukuma mlango, wa pili wa mraba, usiotembea ila kwa ufunguo. Juu ya ule wa mraba kuna vibati vyembamba viitwavyo liva. Meno ya ufunguo huviinua vyote hadi kimo chake, ndipo ulimi upate kupita. Kitasa cha liva mbili, ambacho ndicho tulichonunua, kina tofauti chache mno za funguo. Si ajabu ufunguo wa chumba kimoja kufungua cha jirani. Liva tatu ni bora, na tano bora zaidi. Viko pia vitasa vya silinda, vyenye safu ya sindano ndogo badala ya liva, kwa namna ambayo Linus Yale wa Marekani aliisajili mwaka wa 1861. Kanuni yenyewe ni kongwe: Misri ya kale walikuwa na makomeo ya mti yenye sindano za mti.

Fundi alitaka kuchimba tundu kubwa zaidi ili atie kitasa kipya. Shangazi alikataa, nasi tukamuunga mkono. Tundu likazibwa kwa kipande cha mti mgumu. Kwa ndani tukatia komeo la shaba, jepesi, kwenye kimo cha kiuno chake, mahali ambapo mkono wake haulazimiki kuinuka. Riza ikapakwa mafuta ikarudishwa kazini, na tukanunua kufuli la shaba lenye upete wa chuma kisichoshika kutu. Kwenye tundu la ufunguo fundi alitia unga wa risasi ya penseli, si mafuta, kwani mafuta hukusanya vumbi na mchanga.

Kufuli lilikuja na funguo tatu. Shangazi alichukua mmoja, wa pili akampelekea jirani yake wa miaka mingi. Mmoja wetu alipoonyesha wasiwasi, alitukumbusha kwamba ufunguo ni amana: siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alimrudishia Uthman bin Talha ufunguo wa Al-Kaaba, na ukoo wa Banu Shayba ndio wanaoushika hadi leo.

Wa tatu tulirudi nao Mombasa. Usiku ule, tulipofika kwenye fleti yetu, tulisimama mbele ya geti letu la chuma, lile tunalolitia kufuli kwa ndani kila baada ya Isha na kuuficha ufunguo kabatini ili watoto wasiuchezee. Tuliulizana: moshi ukijaa sebuleni na taa zikazimika, nani ataifikia kabati ile? Bibi yao mtoto hawezi kuipata hata mchana. Kabla ya kulala tulipigilia msumari ukutani, karibu na geti lakini mbali na mkono wa mtu wa nje, tukautundika ufunguo hapo, na kila mmoja wa nyumba, hata mdogo wetu wa miaka saba, akajaribu kuushika na kufungua gizani. Yeye alifungua mara ya tatu.