Kuvuka Bahari na Watoto: Safari Yetu ya Mafia

Sisi tunaokaa milimani Uluguru twaijua mito na mawe yake, lakini bahari twaisikia tu katika masimulizi. Basi shangazi wa watoto wangu alipojifungua huko Kilindoni, katika kisiwa cha Mafia, akatuletea salamu kwamba anatamani kuwaona watoto wa kaka yake. Nyumba yetu ikajaa furaha na hofu pamoja. Watoto walikuwa watatu: binti wa miaka 9, mvulana wa miaka 6, na kitindamimba ambaye alikuwa hajatimiza miaka 2.

Nataka kuwaeleza jinsi tulivyojiandaa, mambo tuliyoyaona njiani, na kosa moja ambalo mimi baba yao nilikuwa karibu kulifanya. Huenda yatamfaa mzazi mwingine ambaye siku moja atasimama ufukoni ameshika mkono wa mwanawe.

Kuchagua majira

Mkulima hapandi mahindi siku yoyote apendayo, hungoja mvua. Bahari nayo ina majira yake. Upepo wa kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili au Mei hata Septemba, na mwezi wa Juni na Julai huwa na nguvu nyingi. Upepo wa kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Katikati ya pepo hizo mbili bahari hutulia kidogo, hasa Oktoba na Novemba. Lakini watoto wa shule hawawezi kusafiri mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo tulichagua siku za kwanza za Desemba, mara shule zilipofungwa, kabla kaskazi haijashika nguvu.

Siku tatu kabla ya kuondoka tulianza kusikiliza redio kwa makini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo mkali na mawimbi makubwa ya pwani. Ukisikia habari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa, au mawimbi yanayozidi mita 2, hiyo si habari ya mabaharia peke yao. Ni habari yako wewe mwenye watoto.

Jambo lingine ambalo mtu wa bara halijui ni kujaa na kupwa kwa maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, nayo huchelewa kama dakika 50 kila siku mpya. Maji yakijaa leo saa 4 asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa 5. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno, ndiyo bamvua. Vyombo vingi vidogo hungoja maji yajae ndipo viondoke, wala havifuati saa ya ukutani. Kwa hiyo usimwahidi mtu, "Tutafika saa fulani." Mwambie, "Tutafika maji yakituruhusu."

Matayarisho ya nyumbani

Mama watoto alikaanga mihogo, akachemsha mayai, akafunga tangawizi kavu katika kitambaa. Alibeba maji ya kunywa mengi kuliko nilivyoona yanafaa. Baadaye nilimshukuru, kwa maana jua la baharini hukupiga toka juu na tena toka kwenye maji. Kila mtoto alipewa kofia na shati la mikono mirefu. Nguo za kubadilisha zilifungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na chakula kikawekwa mbali nazo.

Barazani tuliweka viti na kucheza mchezo wa chomboni. Nikisema "Mawimbi!", watoto wote hukaa chini na kushikana. Nikisema "Ukingoni!", hurudi nyuma. Majirani walicheka kutuona, lakini mtoto aliyezoea amri nyumbani huishika hata mahali pageni.

Mimi nilihesabu fedha: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula, na zawadi ya mzazi. Nikaona zinatosha kabisa. Kumbe nilikuwa nimesahau kitu kimoja.

Gatini Nyamisati

Tulilala Dar es Salaam kwa ndugu yetu, na kesho yake alfajiri tukapanda basi huko Mbagala. Njia ni ile ya kwenda Kilwa. Ukifika Bungu, waiacha barabara kuu na kukata kushoto, ukielekea baharini hata Nyamisati. Hapo ndipo watu wa Mafia wanapovukia. Bahari kuu haionekani bado. Utaona mikono ya maji tu, na mikoko pande zote, mizizi yake imesimama juu ya tope kama miguu ya kaa.

Tulikuta boti ya mbao yenye mashine ikipakia. Mifuko ya saruji, kreti za soda, magodoro na mbuzi wawili vilikwisha kuingia, na watu walikuwa wakizidi kuingia. Nilimwuliza kijana mmoja wa chomboni juu ya majaketi ya kuokolea maisha. Alinitolea machache, yote ya watu wazima. Nikamvika mvulana wangu moja, kisha nikalishika mabegani na kumwinua kidogo, kama nilivyofundishwa. Jaketi likapanda hata masikioni, kidevu chake kikazama ndani. Jaketi la namna hiyo, mtoto akianguka majini, hupanda lenyewe na kumwacha chini.

"Ondoa shaka, mzee," akasema yule kijana. "Sisi twavuka kila siku. Ingieni upesi, maji yanaanza kupwa."

Ndugu msomaji, sitaficha neno. Nilitaka kuingia. Moyoni nilikuwa nahesabu: tukikosa chombo hiki tutalala hapa, na tukilala hapa nauli ya kurudi itapungua. Tena watu walikuwa wakinitazama. Nikamshika mvulana mkono, tukaelekea kwenye ubao wa kupandia.

Nilipogeuka, mama watoto alikuwa bado amesimama chini ya mti na kitindamimba mgongoni.

"Baba watoto," akasema kwa sauti ya chini, "sisi hatupandi."

Nikamrudia kwa hasira. "Na fedha ya kulala itatoka wapi?"

Akafungua fundo katika pindo la kanga yake. Mlikuwa na noti zilizokunjwa vizuri. "Niliuza kuku wanne kabla hatujatoka," akasema. "Nilijua bahari haipokei amri yetu. Hii ni fedha ya kungoja."

Boti ikaondoka bila sisi. Mvulana alilia sana, na watu wawili watatu waliokaa gatini wakatucheka. Mama mmoja muuza chakula alituonea huruma, akatuonyesha nyumba yenye chumba na chandarua. Jioni nikampigia simu shangazi wa watoto. Akaniambia kwamba ile boti imefika salama, na watu wote wamekwenda makwao.

Je, tulikosea?

Usiku ule sikulala vizuri. Boti imefika, basi yule kijana alisema kweli, nami nimepoteza fedha ya kuku wanne bure. Lakini nilipozidi kufikiri nikakumbuka mto wetu wa nyumbani. Wakati wa masika mtu anaweza kuuvuka umefurika mara kumi akapona, na kila mara atajiita hodari. Kupona kwake kwa jana hakuupunguzi mto wa leo.

Nikakumbuka pia misiba ambayo wengi wetu twaijua. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, imejaa watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, nayo ilikuwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012, katika majira ya kusi, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali. Katika misiba hiyo yote mamia ya watu walikufa. Wote waliopanda walitumaini kufika, maana vyombo hivyo vilikuwa vimefika mara nyingi kabla ya siku ile.

Mtu mzima akijihatarisha, ni shauri lake. Lakini mtoto hapimi chombo, hahesabu watu, wala hajui upepo. Yeye autazama mkono wa baba tu, na mkono ukimvuta, huenda.

Tunavuka

Siku ya pili kilikuja chombo kikubwa zaidi. Majaketi yalikuwamo, na mengine yalikuwa madogo ya watoto. Nilihakikisha kwamba majina yetu yote yameandikwa katika orodha ya abiria, hata jina la kitindamimba. Mzazi asikubali kuambiwa, "Huyo mchanga haandikwi." Tulikaa katikati ya chombo, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo. Mama watoto alimshusha mtoto mgongoni akampakata mbele, akamvika jaketi lake peke yake. Mtoto aliyefungwa kwa mbeleko si rahisi kumfungua upesi mambo yakiharibika.

Mwanzo tulipita polepole katikati ya mikoko ya Rufiji. Kisha nikawasimulia watoto habari ya meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikono hiyohiyo ya mto tangu mwaka 1914, hata Waingereza wakaiharibu mwezi wa Julai 1915. Ndege zilizoitafuta toka juu zilikuwa zikiruka toka Mafia, huko tulikokuwa tukienda. Binti yangu alitazama mikoko kwa bidii, kana kwamba meli ingetokea.

Mara maji ya udongo yakabadilika kuwa ya kijani, kisha ya buluu, na mawimbi yakaanza. Mvulana aligeuka rangi, akatapika. Tulimwambia atazame mbali, pale mbingu na bahari zinapokutana, wala asitazame miguu yake. Tukampa maji kidogo kidogo na tangawizi ya kutafuna. Baada ya muda akalala. Kitindamimba hakusikia lolote. Alikula mhogo safari nzima.

Tulipokaribia Kilindoni baharia mmoja alipaza sauti na kunyosha kidole. Mgongo mkubwa wenye madoadoa meupe ulipita taratibu chini ya maji. Alikuwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, naye huonekana sana katika maji hayo tangu Oktoba hata Machi. Hali watu, chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo anavyovichuja kinywani. Mvulana aliamka akamwona. Akaniuliza, "Baba, yule wa jana angekuwapo?" Nikamwambia sijui. Hakulia tena juu ya boti ya jana.

Siku za kisiwani

Tulikaa kwa shangazi siku nane, katikati ya minazi na mikorosho. Siku moja tulikwenda upande wa mashariki, tukavuka mlango mwembamba wa maji hata kisiwa kidogo cha Chole. Huko popo wakubwa walao matunda hulala mchana wakining'inia mitini kama maembe meusi. Tuliona pia mafundi wakiunda chombo cha mbao kwa tezo na msumeno. Fundi mmoja aligonga ubao akamwuliza binti yangu, "Wasikia?" Mlio ulikuwa mzito. "Ubao mbovu huonekana mzuri," akasema, "lakini hausemi hivi."

Safari ya kurudi tuliipanga namna nyingine. Shule zilikuwa hazijafunguliwa, na tuliacha siku mbili wazi kwa ajili ya kungoja. Siku ya kwanza upepo ulivuma, tukabaki kwa shangazi bila uchungu. Siku ya pili tulivuka salama.

Neno la mwisho

Wasomaji wapenzi, msiwanyime watoto wenu bahari kwa hofu. Ni shule kubwa. Chagueni mwezi, sikilizeni redio, pimeni jaketi katika mwili wa mtoto mwenyewe, tazameni mzigo na watu kabla hamjakanyaga ubao. Lakini hayo yote hayana nguvu kama mfukoni hamna fedha ya usiku mmoja zaidi. Mzazi aliyehesabu nauli tu hana uwezo wa kukataa. Chombo chochote kitakachokuja ndicho chake. Mwenye fedha ya kungoja anaweza kusema, "Leo hatuvuki," akalala, akavuka kesho.

Nyumbani kwetu sasa tuna kopo dogo juu ya kabati kwa ajili ya fedha hiyo. Mama watoto ndiye anayelitunza. Mimi naruhusiwa kutia tu.