Merikebu ya Mchezo

Watu hudhani kuwa kitu cha mchezo hufa pamoja na mchezo wake. Mimi sidhani hivyo. Mwaka 1960, huko Lunenburg, Kanada, mafundi waliunda merikebu ya mbao kwa mfano wa Bounty, ambayo waasi waliichoma moto kisiwani Pitcairn mwaka 1790. Iliundwa kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 1962. Filamu ikaisha, merikebu ikabaki. Ilipita katika mikono mingi, ikalaki watazamaji bandarini, ikafunza vijana kazi ya kamba na tanga.

Tarehe 29 Oktoba 2012 ilizama katika tufani ya Sandy, mbali na pwani ya North Carolina. Watu 16 walikuwamo. 14 waliokolewa, mmoja alifariki, na nahodha hakuonekana tena. Wachunguzi wa Marekani walilaumu uamuzi wa kusafiri kuielekea tufani iliyokwisha kutabiriwa.

Wako waiitao sanamu tu. Lakini bahari haikuuliza kama merikebu ile ilizaliwa kwa vita, kwa biashara au kwa maigizo. Chombo kikishapakia roho za watu, mchezo umekwisha. Arithiye chombo hurithi na amana yake.