Kutoka Tangastraße hadi kwa Lucy Lameck

Berlin ni mji mpana na tambarare, unamfaa mtu wa miguu. Mwanafunzi mgeni akitegemea treni ya chini ya ardhi peke yake atavijua vituo, mji wenyewe asiujue. Ndiyo maana Jumamosi, nikishamaliza kufua na kupika, natoka kutembea. Mtaa ulionishika zaidi ni Wedding, ambako watalii hawafiki sana.

Huko kuna kituo cha treni ya U6 kiitwacho Afrikanische Straße. Ukipanda ngazi unatokea Müllerstraße, barabara ya maduka ya Kituruki, nyanya na biringani zimepangwa nje kwenye masanduku. Ukiiacha barabara kuu, kelele zinakatika. Ni majengo ya ghorofa yasiyo na mapambo, mengi ya miaka ya 1920, miti, na baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo. Halafu vibao vinaanza: Togostraße, Kongostraße, Ugandastraße, Sansibarstraße. Nilipofika Tangastraße nilisimama. Mimi ni mzaliwa wa Tanga.

Furaha ya kuliona jina la kwetu haikudumu. Majina haya hayakuwekwa kwa mapenzi. Mengine yaliwekwa Ujerumani ilipokuwa ikitawala, mengine baada ya kunyang'anywa makoloni, kwa kuyatamani tena. Mwaka 1939, chini ya Wanazi, barabara moja hapa ilipewa jina la Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara na Uzigua mwaka 1884 akiwafanya machifu watie saini mikataba ya kuitoa ardhi yao. Wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakuu wa huko walitangaza kwamba Peters anayeheshimiwa sasa ni Hans, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Kibao kikabaki kilekile. Kwangu huo ulikuwa ujanja, haukuwa toba.

Agosti 2024 jina hilo hatimaye liliondolewa, baada ya miaka ya mabishano, maana baadhi ya wakazi walipinga. Barabara iligawanywa vipande viwili: kimoja kina jina la Anna Mungunda wa Namibia, kingine ni Maji-Maji-Allee. Vinakutana kwenye uwanja wa Manga Bell, mfalme wa Waduala aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1914.

Nilikuwa napiga picha kibao cha Maji Maji, mzee mmoja mwenye mbwa akaniuliza kwa upole hayo Maji Maji yalikuwa nini. Nikamweleza kwa Kijerumani changu cha darasani: Umatumbi mwaka 1905, watu waliolazimishwa kulima pamba wakawaasi Wajerumani, mganga Kinjekitile na dawa yake, kisha mashamba na maghala kuchomwa moto, hata njaa ikaua wengi kuliko risasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameishi hapa tangu utotoni na shuleni hakufundishwa hata sentensi moja ya habari hiyo. Nilimwamini, na nilihuzunika kwa ajili yake pia.

Jioni niliteremka kusini kwa treni, nikashuka Hermannplatz, Neukölln. Karibu na hapo pana barabara fupi iliyokuwa imebeba jina la Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya Bushiri bin Salim hadi Bushiri akanyongwa Pangani, mkoani kwetu, Desemba 1889. Tangu 2021 barabara hiyo ni ya Lucy Lameck, binti wa Moshi, mwanaharakati wa TANU na mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri katika nchi yetu. Nilimtumia picha shangazi yangu aliyeolewa Moshi. Akapiga simu papo hapo.

“Wamempa Lucy wetu barabara? Basi ipite yote, mwanangu, mwanzo hadi mwisho, uniambie kuna nini.”

Nikaipita yote, nikimsimulia nyumba kwa nyumba.