Laxton, Shamba Lisilo na Ua

Nilishuka treni Newark, kaskazini mwa London, na teksi ikanipeleka Laxton, kijiji cha Nottinghamshire ambacho hadi leo kinalima kwa utaratibu wa enzi za kati. Dereva alishangaa. Wageni huenda kuona majumba ya wafalme, siyo matope ya Novemba!

Kwetu Bukoba nyumba hukaa katikati ya kibanja, migomba ikiizunguka. Hapa nyumba zote zimejipanga barabarani, na mashamba yako kando: makubwa matatu, wazi kabisa, bila ua wala seng'enge. Moja huoteshwa ngano, la pili mazao ya masika, la tatu hupumzishwa, kisha huzungushwa zamu. Ndani ya kila shamba mkulima ana vipande vyake, kimoja huku, kingine kule.

Sasa mpaka unajulikanaje? Asubuhi nikajibiwa. Wajumbe wa mahakama ya kijiji, iitwayo Court Leet, walipanda tela la trekta kwenda kukagua shamba la ngano, nami nikafuata kwa miguu. Walipima, wakabishana kidogo, kisha mmoja akashika kigingi na mwenzake akakipigilia kwa nyundo. Anayelima akamega majani ya njia ya wote hutozwa faini. Nilipenda sana: mahakama iliyovaa mabuti.

Lakini utaratibu huu mzuri uliendeshwa ndani ya mfumo mkali. Baada ya William wa Normandy kuitwaa Uingereza mwaka 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme. Yeye akawagawia mabwana wakubwa, nao wakawagawia wapiganaji wao, hadi chini kabisa kwa mkulima. Katika sensa ya mali ya mwaka 1086, Laxton imeandikwa kwa Geoffrey Alselin, aliyechukua nafasi ya mtu aitwaye Toki. Aliyekuwa na jembe hakuulizwa.

Mkulima asiye huru alilima vipande vyake, lakini kwanza alitoa siku za kazi kila wiki kwenye shamba la bwana. Akiozesha binti, alilipa. Akifa, bwana alichukua mnyama wake bora. Kuhama bila ruhusa, marufuku. Nikamkumbuka mtwarwa wa kwetu, mpangaji wa ardhi ya nyarubanja, aliyepeleka ndizi na pombe kwa mwenye ardhi, mfumo ambao serikali yetu ilianza kuuvunja kwa sheria ya mwaka 1965. Kwa wakulima wa Uingereza, tauni ya mwaka 1348 ndiyo iliyoanza kuwalegezea: wafanyakazi walipopungua, walionusurika wakaanza kudai ujira.

Jioni niliingia kanisani. Akina Everingham, mabwana wa Laxton, wamelala pale kwa sanamu: wapiganaji wa mawe na mwanamke mmoja aliyechongwa kwa mti wa mwaloni, mikono kifuani. Nikatafuta mkulima wa zama hizo. Sikumwona hata mmoja, ingawa ndiye aliyelisha wote.

Nikadhani mambo ya kumiliki kijiji yalikwisha zamani. Kumbe Earl Manvers, aliyekuwa akiimiliki Laxton, aliiuzia serikali mwaka 1952, ikapita kwa Crown Estate, shirika la mali za ufalme, mwaka 1981, na mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby Estate, mashamba ya ukoo uleule wa Manvers.